Kwapani

Amekileta kikopo kwapani,
chini ya koti, chini ya sweta mbili,
toka Isyonje ndani ya Fuso la viazi,
dakika hamsini, mkono haukunyooka
hata kumsalimia dereva.
Ni Juni. Huko Uporoto umande umeganda majanini.
Nilimwambia kwenye simu: zikipoa, zinazembea.
Akacheka kidogo, akanyamaza.

Namba kumi na saba. Ambakisye. Miaka thelathini na minne.
Mkewe, Tumpe, ameshapimwa mara tatu,
ameshanyweshwa mizizi na mawifi,
ameshaitwa majina.
Yeye ndiyo leo.

Napasha kioo kwa kiganja.
Tone moja. Nageuza gurudumu la hadubini
na ukungu unapasuka, kama pale Igawilo saa nne asubuhi
mlima unapokuwepo ghafla, nao ulikuwepo tangu usiku.
Zipo.

Kila siku najiambia nitahesabu kwanza.
Kila siku natazama kwanza.

Watu hudhani zinaogelea kama samaki.
Samaki maji kwake ni mepesi,
akiacha kupiga mkia huteleza bado.
Hizi, kwa udogo wake, maji ni asali,
ni uji wa ulezi uliolala sufuriani;
ukiacha kupiga umesimama, papo hapo,
hakuna mteremko wa kukusaidia.
Upana wa kisoda kimoja
ni robo saa ya jasho.

Na mkia wenyewe haupigi sawasawa.
Hili nilichelewa kulijua.
Unapiga upande mmoja zaidi,
ungetegemea mbegu izunguke duara
kama mbuzi aliyefungwa kambani.
Lakini inabiringika.
Inapiga kulia, inajigeuza,
kulia kwake kunakuwa kushoto,
inapiga tena vilevile,
kosa linalipa kosa
na njia inanyooka.
Utajuaje? Tazama kichwa: ni bapa, kama mbegu ya boga,
kinameta, kinafifia, kinameta,
uso, ukingo, uso.

Baba alirudi kutoka machimboni na nyonga moja nzima.
Kupanda kwetu Iganzo alikuwa anazungusha kiuno,
anaweka mguu, anazungusha tena.
Watoto wa jirani walimwiga, na mimi siku moja nilimwiga.
Alikuwa anafika.

Nabofya.
Zinazokwenda. Zinazozunguka palepale.
Zinazotingisha mkia tu, kama mtu anayekataa wito.
Zilizolala.
Karatasi inataka thelathini kwa mia.
Nahesabu mara ya pili, na kioo kingine.

Anagonga. "Naweza kuziona?"
Kanuni ukutani hazisemi ndiyo, hazisemi hapana.
Anainama, anafumba jicho asilolihitaji,
mikono nyuma, kama yuko kanisani.
Harufu ya udongo na dizeli.
Muda mrefu.
"Hii moja," anasema, "inapanda."
Kweli, kioo kimeinama kidogo, maji yanashuka,
nayo imegeuka kuyakabili.
Ndivyo zilivyo, namwambia,
zikiguswa na mkondo huutazama usoni.

"Ngapi?"
"Kumi na tisa."
"Kwa mia?"
"Kwa mia."
Naona anapiga hesabu za shambani.
"Mwaka juzi, baada ya baridi ile,
viazi viliota chini ya hapo.
Tukapalilia hivyo hivyo."
Sijui kama ananiambia mimi.
Namwandikia tarehe ya kurudi, na jina la daktari,
na kwamba sigara, basi.

Anatoka. Mkono wa kushoto bado umebana ubavu
kana kwamba kuna kitu kinachohitaji joto.
Kwenye korido anapiga simu.
"Tumpe. Ni mimi."
Kisha kimya, bomba la maji linadondoka kwenye sinki langu.
Kisha tena, kwa sauti nyingine kabisa:
"Ni mimi."